Kumlisha msichana anayekua: mwongozo wa jikoni kwa nyumba za Lamu

Nyumba inaweza kula samaki kila siku na bado msichana wake akapungukiwa na damu. Minofu ya changu, tafi au nguru ina madini ya chuma kidogo, kama miligramu 1 au chini ya hapo kwa kipande cha gramu 100. Msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji miligramu 15 kwa siku, na wa miaka 9 hadi 13 anahitaji 8. Kipande kidogo cha samaki juu ya kilima cha wali, kikateremshwa kwa chai, kinashibisha, lakini kwa upande wa damu hakijafanya kazi yoyote ya maana.

Maelezo haya ni ya yule anayeshika upawa, awe mama, nyanya, shangazi au dada mkubwa, mwenye msichana wa kati ya miaka 10 na 19. Huo ndio umri ambao mwili hukusanya karibu nusu ya uzito wa utu uzima na kati ya asilimia 15 na 20 ya kimo chote. Kimo hupanda kwa kasi kubwa karibu na miaka 11 au 12, mara nyingi kabla hajavunja ungo. Kisha hedhi huanza, na madini ya chuma yanatoka kila mwezi wakati mwili bado unayadai kwa ajili ya kukua. Ndiyo sababu kaka yake anaweza kula sahani ileile asipate shida, naye akadhoofika.

Pima kwanza

Baibui na dera huficha mengi, na jicho la anayemwona kila siku limeshazoea. Chukua daftari, mpime uzito na kimo mara moja kwa mwezi. Tumia mizani ileile, asubuhi kabla hajala, bila viatu, akiwa na nguo nyepesi. Kimo kipimwe akiwa amegusa ukuta kwa visigino, makalio na mabega, macho yakitazama mbele, na kitabu kigumu kiwekwe bapa juu ya kichwa. Kilemba kivuliwe. Misuko iliyokusanywa utosini huongeza sentimita mbili tatu za uongo, na hesabu yote ikaharibika.

Gawanya uzito kwa kilo kwa kimo cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Mfano: kilo 36, kimo mita 1.54. Mara 1.54 kwa 1.54 ni 2.37, 36 ukigawanya kwa 2.37 unapata 15.2. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, msichana anahesabiwa amekonda kupita kiasi akiwa chini ya takriban 13.5 akiwa na miaka 10, 14.4 akiwa na miaka 12, 15.4 akiwa na miaka 14, 16.2 akiwa na miaka 16, na 16.4 akiwa na miaka 18. Kwa hiyo huyo wa mfano, akiwa na miaka 14, yuko chini ya mstari.

Usitumie kipimo cha mtu mzima cha 18.5 kwa mtoto wa miaka 12. Utamwita mgonjwa mtoto mzima, kisha umlazimishe kula mpaka achukie chakula. Kosa la upande wa pili ni kuridhika na namba nzuri ya msichana aliyedumaa: akiwa mfupi sana kwa umri wake, hesabu hii inaweza kutoka sawa ilhali mwili umekosa lishe kwa miaka mingi. Kimo chake kisomwe kwenye chati ya kliniki.

Damu haina mizani ya nyumbani. Dalili zipo: weupe ndani ya kope la chini na kwenye viganja, moyo kwenda mbio akipanda ngazi za dari, kizunguzungu akisimama ghafla, kusinzia darasani, kucha laini zinazopinda. Ile hamu ya kutafuna udongo, mawe au barafu wengi huiona ni tabia mbaya ya wasichana, wakamkemea. Mara nyingi ni mwili unaolilia chuma, nao ukishapata, hamu hukatika yenyewe. Hata hivyo macho hayatoshi, maana upungufu mdogo hauonekani kabisa. Kipimo cha hemoglobini, ile sehemu ya damu yenye chuma, ni tone la damu ya kidole. Kuanzia miaka 12, asiye mjamzito akiwa chini ya gramu 12 kwa desilita ana upungufu. Kati ya 8 na 10.9 ni wa wastani. Chini ya 8 ni mkali, na huo hautibiwi kwa mchicha.

Sahani yenyewe

Wali, ugali, muhogo, mkate wa mofa na viazi ni ukoo mmoja. Futari yenye vyote hivyo ni sahani ya kundi moja. Njia rahisi ya kukagua siku ya msichana ni kuhesabu makundi kumi: nafaka na mizizi; kunde, maharage, pojo na mbaazi; njugu na mbegu kama simsim; maziwa; nyama, kuku na samaki; mayai; majani ya kijani kibichi kilichokoza; matunda na mboga za rangi ya machungwa kama embe bivu, papai na boga; mboga nyingine; matunda mengine. Kila kundi lihesabiwe kama amekula angalau kijiko kikubwa kimoja. Siku ikifika makundi matano kwenda juu, iko sawa. Kitunguu na nyanya mbili zilizoyeyukia kwenye mchuzi wa watu wanane hazihesabiwi.

Kwa chuma, vyakula vya hapa vinavyolipa ni hivi. Maini ya kuku hutoa karibu miligramu 10 kwa gramu 100, na pweza aliyechemshwa karibu 9. Maini ya ng'ombe yana 6, nyama ya mbuzi kati ya 3 na 4. Pweza anastahili heshima kuliko anayopewa: nyumba nyingi humuuza wote kwa wanunuzi, zikabaki na samaki mweupe. Ukibakisha mguu mmoja wa pweza kwa wiki, ukauponda, ukauchemsha taratibu mpaka ulainike na kuukatakata kwenye mchuzi wa nazi, umefanya kazi kubwa. Maini mara moja kwa wiki yanatosha. Mjamzito wa miezi ya mwanzo asiyazidishe, kwa sababu yana vitamini A nyingi mno.

Ambaye hawezi kununua nyama ategemee kunde na dagaa. Samaki hata akiwa na chuma kidogo, huusaidia mwili kufyonza chuma kilichomo kwenye kunde na majani, kwa hiyo viwili hivi vipikwe pamoja. Kwa watu watano, chukua vikombe viwili vya kunde kavu, uziloweke usiku kucha, saa 8 hadi 12. Maji hayo yamwagwe: yamebeba sehemu ya vitu vinavyoshika chuma kisifyonzwe, na gesi pia. Chemsha kwa maji mapya mpaka ziive. Dagaa kavu kikombe kimoja cha kujaa, waoshe kwa maji ya vuguvugu mara mbili au tatu, ukiwanyanyua kwa mkono kutoka juu. Ukiwamwaga pamoja na maji, mchanga unarudi nao. Mchanga na uchungu wa kichwa cha dagaa ndiyo sababu wasichana wanasukuma dagaa pembeni. Waliopea kidogo watolewe kichwa na utumbo, lakini miiba ibaki, kwani ndiyo yenye chokaa ya mifupa. Kaanga kitunguu, nyanya tatu na dagaa mpaka wakauke kidogo, changanya na kunde, mimina tui, acha lichemke dakika tano. Epua. Sasa ndipo ukamue ndimu, mbili nzima, kwa sababu moto ukizikuta unapunguza vitamini C yake. Bakuli la mtu mmoja hapo lina chuma miligramu 4 au zaidi kutoka kwenye kunde pekee.

Akikataa dagaa wazima, wakaange wakavu bila mafuta, uwatwange, uchekeche, unga wake uhifadhi kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Vijiko viwili ndani ya mchuzi havionekani. Unga ukishika unyevu huota ukungu. Ukiona harufu imegeuka, utupe. Huu ndio wa kuweka akiba wakati wa kaskazi, kwa sababu kusi ikichafuka, kati ya Juni na Agosti hasa, ngalawa haziendi mbali na bei ya samaki mbichi inapanda.

Majani yaoshwe kabla ya kukatwa, yapikwe dakika chache, na maji yake yasikamuliwe na kumwagwa. Mafuta au tui kidogo husaidia vitamini A kuingia mwilini. Kisamvu ni tofauti: kitwangwe na kuchemshwa vizuri sana bila kufunikwa, kwa kuwa kibichi kina sumu. Unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwenye pakiti nchini Kenya hutiwa madini na vitamini kwa mujibu wa sheria tangu 2012. Tafuta alama yake kwenye pakiti. Unga wa mashine ya mtaa hauna nyongeza hiyo, ingawa ladha yake wengi tunaipenda zaidi.

Aliyekonda anahitaji pia nguvu, na njia nyepesi ni kuongeza vidogo kati ya milo badala ya kumlundikia sahani. Kikombe cha maziwa hutoa kalori 150, konzi ya njugu karanga gramu 30 hutoa 170, yai moja 70. Jumla 390 kwa siku, bila kubadili chochote kwenye wali wake. Nusu kilo hadi kilo moja kwa mwezi ni mwendo mzuri. Soda na juisi za unga pia zina kalori, lakini zinaziba tumbo na hazijengi kitu. Kwa pesa ileile ya soda na biskuti, mishkaki miwili ya barabarani ni bora mara nyingi, mradi nyama imeiva.

Halafu kuna sinia. Kula pamoja ni jambo jema, ila kwenye sinia la ndugu sita anayekula polepole huondoka na wali na mchuzi, vipande vikiwa vimeshakwenda. Na aliyepika ndiye wa mwisho kukaa, mara nyingi ndiye huyo msichana. Mpaka uzito wake urudi, mpakulie sahani yake kabla sinia halijaingia, na kitoweo chake kiwe sawa na cha kaka zake. Usilifanye tangazo, pakua tu.

Chai, ndimu na saa zake

Chai ndiyo mwizi mkubwa wa chuma katika nyumba za pwani. Strungi ikinywewa pamoja na chakula inaweza kupunguza ufyonzaji wa chuma cha kunde, nafaka na majani kwa zaidi ya nusu. Kutia maziwa hakuiondolei kosa hilo, na kahawa nayo ni vivyo hivyo. Hakuna haja ya kumkataza chai, maana atakunywa kwa jirani. Isogeze tu: angalau saa nzima baada ya chakula. Mezani weka maji, au maji ya ndimu, au mchaichai usiotiwa majani ya chai.

Vitamini C hufanya kinyume chake. Inaweza kuzidisha ufyonzaji mara mbili au tatu ikiliwa katika mlo uleule. Pera moja, chungwa, kipande cha papai, embe, au vijiko viwili vya unga wa ubuyu vilivyokorogwa kwenye maji. Mabuyu ya rangi nyekundu ya dukani ni sukari zaidi kuliko ubuyu. Ukwaju watu huuamini kwa sababu ni mkali, kumbe vitamini C yake ni kidogo. Usiufanye mbadala wa ndimu.

Asubuhi ndipo pengo lilipo. Msichana anatoka na kikombe cha chai na kipande cha mkate au hamri moja, anakaa shule hadi mchana, pengine na madrasa baadaye. Mahamri na mbaazi ni kiamshakinywa kizuri kuliko wengi wanavyodhani, lakini mbaazi ziwe nyingi na chai ingoje. Kama asubuhi hawezi kula, na wapo wasioweza kweli, mfungie kwenye mkebe: yai, viazi vitamu viwili, konzi ya njugu, chungwa. Uji wa wimbi uliochachushwa siku moja au mbili ni bora kuliko ule wa papo hapo, kwani kuchacha kunavunja sehemu ya vizuizi vya chuma. Utie kwenye chupa ya chai iliyooshwa vizuri. Harufu ya chai iliyobaki humo inawakinaisha.

Ramadhani

Mwezi huu huwa mgumu kwa msichana, na sababu kubwa ni ratiba yenyewe ya nyumba. Daku ni wali na chai kisha kulala. Futari ni viazi vya nazi, muhogo, tambi na kaimati. Kwenye daku weka kunde au yai, tunda, maji glasi mbili, na chai iondolewe kabisa: akiinywa pamoja na mlo wake wa mwisho, sehemu kubwa ya chuma cha mlo huo haimfikii. Anayetaka chai ainywe usiku, baada ya tarawehe. Futari ianze kwa tende na uji, kisha kitoweo kiwepo hata kama meza imejaa vya wanga.

Aliye katika hedhi hafungi, na dini yenyewe imemtaka asifunge. Lakini akina baba na kaka wako nyumbani, naye anaona haya kuonekana akila, basi anashinda na njaa siku sita au saba, na hizo ndizo siku anazopoteza damu. Dawa ni mama kumtengea chakula chumbani au jikoni, na kumwambia wazi kwamba kimewekwa kwa ajili yake, asipoambiwa hatakigusa. Siku za kulipa baadaye zitawanywe, asizipange mfululizo wakati wa mitihani. Aliyepimwa akaonekana amekonda sana au damu iko chini, aulizwe daktari kwanza kuhusu kufunga. Mgonjwa ana ruhusa yake.

Vidonge, minyoo na hedhi nzito

Mahali ambapo upungufu wa damu umeenea, Shirika la Afya Duniani hupendekeza wasichana wenye hedhi wapewe kidonge kimoja kwa wiki chenye miligramu 60 za chuma na miligramu 2.8 za asidi ya foliki, miezi mitatu ya kumeza na mitatu ya kupumzika. Hicho ni cha kinga. Aliyekwisha kupungukiwa hupewa dozi ya kila siku na daktari, kwa kawaida miezi mitatu, na aimalize hata akijisikia nafuu mwezi wa kwanza: damu hupanda mapema, akiba ya mwilini hujazwa baadaye.

Maandishi ya pakiti huchanganya watu. Kidonge kilichoandikwa miligramu 200 za ferasi salfeti kina chuma chenyewe kama miligramu 65 tu, kwa hiyo usimkatie vipande ukidhani ni kingi. Ameze kwa maji au maji ya ndimu, mbali na chai na maziwa. Kichefuchefu kikimsumbua, ameze usiku baada ya kula kidogo. Choo kitakuwa cheusi. Mwambie mapema, la sivyo ataogopa na kuvitupa. Akisahau, ameze akikumbuka, bila kuviongeza maradufu. Viwekwe juu, pasipofikiwa na watoto wadogo, kwa sababu vidonge vichache vya chuma vinaweza kumuua mtoto mchanga anayetambaa.

Pwani ina watu wengi wenye selimundu, ugonjwa unaoitwa pia sikoseli. Kama kwenye ukoo wapo wenye maumivu ya mifupa ya mara kwa mara au macho ya manjano, apimwe kabla ya kuanzishiwa chuma. Malaria nayo hula damu, na safura pia, ile minyoo inayopenya kwenye nyayo. Dawa ya minyoo hiyo ni albendazole miligramu 400 mara moja, kama zinavyotolewa shuleni, pamoja na kuvaa ndara chooni na shambani. Mkojo wenye damu mara nyingi ni kichocho, nacho kina dawa yake. Asinyamaze akidhani ni hedhi.

Hedhi ya kawaida hutoa damu ya mililita 30 hadi 40. Akibadilisha pedi kila saa moja au mbili, au ikizidi siku 7, au akitoa mabonge makubwa, hakuna sahani itakayolipa deni hilo, apelekwe hospitali. Asiyepata hedhi mpaka miaka 15 naye aonwe.

Mpe chakula hiki miezi miwili ukiandika kwenye daftari. Uzito ukikwama ilhali unamwona akila, tafuta sababu: kikohozi kinachozidi wiki mbili na jasho la usiku, kiu na mkojo mwingi, kuhara kusikokoma, au kujitapisha na kuficha chakula. Kwa hemoglobini, subiri wiki nne za vidonge kisha irudiwe. Inapaswa kupanda kama gramu 1 kwa desilita. Isipopanda, anza kwa swali jepesi la kama anavimeza kweli, kisha saa ya chai, kisha minyoo na hedhi.

Akiwa mjamzito, taratibu za juu zinaachwa: kidonge cha kila wiki hakimtoshi, aanze kliniki mwezi huohuo apewe cha kila siku. Na akihema akiwa ameketi, akazimia, akavimba miguu au moyo ukienda mbio bila kazi, usingoje boti ya kesho asubuhi. Chukua daftari lake la vipimo na pakiti za dawa alizomeza, mpeleke siku hiyohiyo.